Hosteli Changanyikeni: kabla hujanunua kiyoyozi, geuza jengo

Swali: Habari za kazi, mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina kiwanja Changanyikeni, mita 32 kutoka mashariki kwenda magharibi na mita 40 kutoka kaskazini kwenda kusini. Barabara inapita upande wa magharibi. Nataka kujenga hosteli ya wanafunzi wa chuo, chini na ghorofa mbili, vyumba 42 vya watu wawili wawili. Fundi wa ramani amenichorea jengo moja la mita 32 kwa 12, korido katikati, madirisha ya alumini ya kuslaidi, na anashauri kiyoyozi kila chumba kwa kuwa wanafunzi wa siku hizi hawavumilii joto. Kijana wangu anasema nifunge sola jengo zima na niweke vioo vyeusi. Mimi naogopa LUKU. Nishike lipi?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu.

Ramani yako nimeikalia jioni mbili. Unaniuliza kiyoyozi au sola, nami nitafika huko, ila kinachonikosesha usingizi ni ile korido ya katikati. Viyoyozi vyote 42 anavyokushauri fundi vinaletwa na korido hiyo.

Korido ikipita katikati na vyumba vikakaa huku na huku, kila chumba kinabaki na ukuta mmoja tu unaotazama nje. Dirisha ni upande mmoja, mlango unafungukia gizani. Chukua chupa tupu, weka mdomo wako pale juu, pulizia ndani. Pumzi inakurudia usoni. Upepo wa Changanyikeni, mlimani pale, ni mali ambayo mtu wa Kariakoo angeilipia, lakini hauwezi kuingia chumba ambacho hauna pa kutokea.

Nakuambia haya kwa sababu nimeshayafanya. Hosteli yangu ya kwanza, miaka mingi iliyopita, niliichora hivyo hivyo. Mwenye nyumba alitaka vyumba vingi kwenye kiwanja kidogo, nami nilikuwa na njaa ya kazi. Februari ya kwanza wanafunzi walikuwa wanabeba magodoro kwenda kulala kwenye paa la tangi. Korido ilikuwa giza saa sita mchana, kwa hiyo taa zake hazikuzimwa kamwe. Ukizipigia hesabu ni mirija 30, kila mmoja unakula wati 45 hivi pamoja na choki yake, saa 24. Ni yuniti 32 kwa siku. Kwa bei ya leo, ambayo ukijumlisha kodi na tozo inacheza kwenye shilingi 350 kwa yuniti, hiyo ni zaidi ya laki tatu kila mwezi za kumulika njia mchana kweupe. Mwenye nyumba hakunilaumu, alidhani hosteli zote ndivyo zilivyo. Mimi najua.

Sasa turudi kwako. Dar es Salaam ina pepo mbili ambazo babu zetu walisafiria majahazi. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, Desemba mpaka Machi, na hiyo ndiyo miezi ya joto kali, usiku hauteremki chini ya nyuzi 24 au 25 na hewa imejaa maji. Jengo linalotaka kupumua hapa linanyooka mashariki-magharibi, migongo yake mirefu ikitazama kaskazini na kusini. Hivyo linapokea pepo zote mbili kwa mshazari, na upepo wa mshazari bado unaingia vizuri tu. Ramani yako imefanya kinyume. Jengo limenyooka kaskazini-kusini ili uso wake utazame barabara, vyumba 21 vinatazama mashariki na 21 magharibi.

Hao wa magharibi ndio wanaonitia huruma. Kuanzia saa tisa alasiri jua linashuka na kuupiga ukuta ule kifua kwa kifua, mwaka mzima. Tofali la saruji la inchi sita halipitishi joto papo hapo. Linalimeza, kisha linalitema ndani saa nne au tano baadaye. Mwanafunzi anatoka maktaba saa tatu usiku, nje kumepoa, anafungua mlango na ukuta wake unamngoja kama jiko lililotolewa sufuria. Hapo hata ukimwekea kiyoyozi, saa mbili za kwanza kinapoza tofali kabla ya kumfikia mwenye chumba.

Nakushauri ulivunje jengo hilo moja kwenye karatasi, uchore mawili membamba. Kila moja liwe na urefu wa mita 28 mashariki-magharibi na upana wa mita sita na nusu: chumba mita 4.8, na mbele yake baraza ya kupitia, wazi, mita 1.7. Ukimpa kila mwenye chumba mita 3.6 za upana, vinaingia vyumba saba kwa kila sakafu, na zile mita 2.8 zinazobaki mwishoni upande wa magharibi zikae bafu na vyoo. Mara majengo mawili, mara sakafu tatu, vyumba ni 42 vilevile. Hujapoteza mpangaji hata mmoja. Katikati unabaki na ua wa mita 21 hivi ukiacha mita tatu kaskazini na tatu kusini. Baraza za majengo yote mawili zitazame ua huo.

Bafu nimeziweka magharibi kwa makusudi. Ukuta wa jua kali upewe chumba kisicholaliwa, na jua lenyewe litakukaushia bafu, ukungu usipate pa kukaa. Ngazi usizifungie ndani. Zining'inie upande wa ua, wazi, hazitahitaji taa mchana.

Wazo hili si langu wala si geni. Maxwell Fry na Jane Drew walipopewa kazi ya kujenga chuo cha Ibadan, Nigeria, mabweni yao waliyapanga chumba kimoja kwa upana, baraza upande mmoja, kuta za matundu zinazopitisha hewa na kuzuia jua. Wakati ule hapakuwa na njia nyingine, kiyoyozi cha chumba cha mwanafunzi kilikuwa ndoto. Na wewe Mwalimu, ukipita Mlimani pale, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yatazame majengo ya mwanzo ya miaka ya 1960: vibaraza, vivuli vya zege juu ya madirisha, njia za kupita zilizoezekwa lakini hazina kuta. Waliochora walijua wako digrii saba hivi kusini mwa ikweta.

Hizo digrii saba zina maana kwenye kivuli chako. Juni, saa sita mchana, jua la Dar liko upande wa kaskazini, juu nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Desemba liko kusini, juu zaidi, nyuzi 73. Dirisha la kimo cha mita 1.2 linalotazama kusini linafunikwa na kivuli cha sentimita 40 kwa jua la mchana, na sentimita 60 zinakutosha mpaka alasiri. Linalotazama kaskazini linataka sentimita 70 kwa mchana na karibu mita moja ukitaka kivuli saa tisa. Kwa jengo lako la kusini, baraza inayotazama ua inafanya kazi hiyo bila gharama ya ziada. Kwa jengo la kaskazini, mwambie mchoraji atokeze slabu mita moja kila sakafu upande wa nje. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hakuna kibaraza kitakachouokoa, jua linaingia chini yake, ndiyo maana huko hatuweki dirisha la chumba kabisa.

Nije kwenye madirisha, maana hapa ndipo michoro mizuri inapofia. Dirisha la kuslaidi linafunguka nusu tu. Umelipia mita mbili za mraba, unapata moja. Weka wavu wa mbu, ambao kwetu si hiari, na wavu unakula sehemu nyingine kubwa ya upepo. Weka pazia zito, kwisha kazi. Mimi naweka luva, vile vioo vya kulala na kusimama vya zamani. Vinafunguka karibu eneo lote, na mvua ya masika ikija unaviinamisha bila kufunga hewa. Vijana wanaviona vya kizamani. Basi na viwe vya kizamani.

Lakini mwanafunzi hafungi dirisha kwa sababu ya mvua peke yake. Anafunga kwa sababu wapita njia wanamwona akivaa, na anafunga kwa sababu ya wale wanaovua kompyuta usiku kwa mti wenye ndoano. Hosteli ya wasichana yenye dirisha la usawa wa macho kwenye baraza ni hosteli ya mapazia yaliyofungwa saa 24, na upepo wako wote uliouhangaikia unaishia nje. Kwa hiyo pande mbili za chumba zisifanane. Upande wa nje, dirisha pana, lianze chini, sentimita 60 tu kutoka sakafuni, ili upepo umpitie mtu kitandani badala ya kumpita juu ya kichwa, na liwe na grili ya matundu madogo yasiyopitisha mkono. Upande wa baraza, weka tofali za matundu au luva kuanzia kimo cha mita 1.7 mpaka karibu na dari, pamoja na juu ya mlango. Hakuna anayechungulia wala ndoano inayofika mezani, na hewa ya moto iliyopanda juu inapata pa kutokea. Matundu hayo nayo yakazwe wavu kwa ndani. Ukijumlisha pande zote mbili, eneo linalofunguka lisipungue mita tatu na nusu za mraba kwa chumba cha mita 17. Mchoraji akikuambia ni nyingi mno, mwambie nimesema mimi.

Vitanda sasa. Nimeona umeandika watu wawili kwa chumba. Wewe umefundisha, unajua kubebana. Mwezi wa tatu wa muhula watakuwa watatu, na karibu na mitihani wanne. Mtu mmoja aliyetulia anatoa joto la wati 70 mpaka 100, basi wanne ni sawa na kuwasha hita ndogo usiku kucha. Usichore chumba cha watu wawili wa kwenye makaratasi, chora cha hao wanne. Na kama utaweka dabodeka, fikiria pangaboi. Anayelala juu, godoro lake liko mita 1.6 kutoka chini, akikaa kitako kichwa kinafika mita 2.5. Dari la mita 2.7 lenye pangaboi katikati ni ajali inayongoja mkono wa mtu anayejinyoosha asubuhi. Ama upandishe dari liwe mita 3.2, ama uachane na pangaboi uweke feni ya ukutani, moja kwa kila kitanda. Mimi huchagua ya pili. Kila mtu anaielekeza kwake na kuizima akitoka, hakuna ugomvi wa huyu anasikia baridi na yule anasikia joto. Upepo wa mita moja kwa sekunde ukipita kwenye ngozi unampa mtu nafuu ya nyuzi mbili hadi tatu bila chumba chenyewe kupoa hata kidogo.

Pesa yake ni hii. Feni mbili za wati 45, saa tisa kila siku, ni yuniti 24 kwa mwezi kwa chumba, kama shilingi 8,500. Ukipata za DC, zenye mota inayokula umeme kidogo, za wati 25, inashuka karibu nusu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinakula takribani kilowati moja kinapovuta. Tuseme kinavuta asilimia 60 ya muda, saa nane kwa usiku, inakuja yuniti 150 hivi kwa mwezi, shilingi 52,500. Zidisha kwa vyumba 42: milioni 2.2 kila mwezi, kabla hujamlipa fundi wa kujaza gesi. Na vikiwaka vyote pamoja ni kilowati 40 na zaidi, kwa hiyo utahitaji laini ya fezi tatu yenye nguvu na mazungumzo marefu na TANESCO kuhusu transfoma ya mtaa. Kodi ya mwanafunzi anayesubiri bumu, ile hela ya mkopo wa masomo, haibebi hayo.

Ukinilazimisha, nitakupa kiyoyozi kimoja. Kiweke kwenye chumba cha kujisomea cha pamoja, watu 30 wapoe kwa mashine moja.

Paa. Vyumba 14 vya juu vitapata joto kutoka juu hata ukifanya yote niliyosema. Bati la maruni linapendeza kwenye picha, linameza sehemu kubwa ya jua. Chukua bati jeupe au la rangi ya krimu. Chini yake, juu ya kenchi, tandaza karatasi ya kung'aa ya kurudisha joto, na uache matundu kwenye fasha, ule ubao wa ukingoni mwa paa, na kwenye ncha mbili za paa ili hewa ya darini itembee. Jipsamu peke yake juu ya kichwa cha mtu, na juu yake hewa iliyofungwa ya nyuzi 50, ni blanketi la umeme.

Nimezungumza joto sana, sasa nikuhamishe jikoni, maana huko ndiko LUKU inakofia na hakuna mwenye hosteli anayeniuliza. Wote wanauliza taa. Taa za LED za wati tisa hazitakufilisi Mwalimu, hata wakilala nazo. Kinachokufilisi ni jiko la koili lililofichwa chini ya kitanda. Nusu tu ya vyumba vyako vikipika kwa koili ya kilowati moja, saa moja na nusu kwa siku, ni yuniti 945 kwa mwezi, zaidi ya laki tatu. Tena wanapika saa ileile, saa moja jioni, kwenye soketi zilizovutiwa waya mwembamba na fundi aliyebana matumizi. Waya unachemka ndani ya ukuta. Moto wa hosteli unaweza kuanzia hapo, au kwenye ile hita ya kuchovya iliyosahauliwa kwenye ndoo.

Jibu la kawaida ni tangazo mlangoni: NI MARUFUKU KUPIKA CHUMBANI. Halijawahi kumzuia mtu. Bumu likikata, wali wa nyumbani ni nusu ya bei ya mama ntilie, na mwanafunzi ni mtu wa hesabu. Akikatazwa umeme atawasha mkaa kibarazani, siku ya mvua ataingiza jiko ndani, na moshi usioonekana wa mkaa unaua watu usingizini. Serikali yenyewe mwaka 2024 imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mpe pa kupikia. Jiko la pamoja kila sakafu ya kila jengo, dogo, wazi kuelekea ua, kaunta ya zege, sinki, soketi nne zenye waya wake mnene na sakiti breka yake. Weka presha za umeme mbili tatu za kwako mwenyewe. Nusu kilo ya maharage kwenye presha inaiva kwa nusu yuniti hivi, kwenye koili na sufuria isiyofunika vizuri unachoma yuniti moja na nusu au zaidi. Jiko hilo litakuchukulia mita chache kwenye baraza. Nafuu yake utaiona mwezi wa kwanza.

Na mita. Usimwambie mpangaji kwamba kodi inajumlisha umeme, halafu ukamlaumu akiacha feni inamzungukia godoro tupu. Funga submita, mita ndogo ya ndani, kila chumba. Wenye hosteli niliowafanyia kazi wamepatana na utaratibu huu: kodi inabeba yuniti 20 kwa mwezi kwa chumba, zinazotosha feni za DC, taa, simu na kompyuta, kinachozidi wanachangia wenyewe. Jiko lina mita yake ya kulipia kabla. Ni ajabu jinsi hita za kuchovya zinavyopungua. Maji ya moto Dar ni haja ya wiki chache za Juni mpaka Agosti, na kupasha ndoo ya lita 15 kutoka nyuzi 25 hadi 40 ni robo ya yuniti tu. Kibaya ni kuiacha ichemke huku mtu anaongea na simu.

Msomaji wa Mbeya anayesoma haya asinifuate. Uyole usiku wa Julai nyuzi zinashuka chini ya kumi. Huko unalikaribisha jua, dirisha linabana vizuri, na sola ya kuchemshia maji juu ya paa ndiyo inakuwa manunuzi ya kwanza. Hosteli nzuri ya Changanyikeni ingewafanya wanafunzi wa Mbeya waugue mafua.

Kijana wako yuko sahihi nusu kuhusu sola. Mwanafunzi mchana yuko darasani, usiku yuko chumbani. Sola inafanya kazi wakati hayupo. Ukitaka kumwashia feni 84 usiku utanunua betri za lithiamu za bei ya gari. Lakini jengo lako lina kazi za mchana: kupandisha maji. Wanafunzi 84 kwa lita 60 ni lita 5,000 kwa siku. Pampu ya nusu kilowati na ushei ikifanya kazi saa mbili za jua kali inalijaza tangi la juu, na usiku maji yanashuka yenyewe. Hilo tangi ndilo betri yako ya bei rahisi, halichakai baada ya miaka kumi. Kwa kuanzia funga paneli za kilowati tatu, zitakupa karibu yuniti 12 kwa siku yenye jua, na betri moja ya kilowati-saa tano kwa taa za baraza, za ngazi na za geti, pamoja na kisambaza intaneti. Umeme ukikatika, hosteli yako itakuwa ndiyo yenye taa na intaneti mtaani. Hilo wapangaji wanalisemea kwa wenzao kuliko tangazo lolote. Paa zako mbili zina nafasi ya kuongeza siku pesa zikipatikana. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilijaza mapaa yake kilowati 600 mwaka 2014, lakini wao wana ofisi na madarasa yanayotumia umeme jua likiwa juu. Wewe huna.

Tukiwa kwenye paa, usiache mvua iende mtaroni. Mapaa hayo mawili yana mita za mraba 430 na zaidi ukihesabu vibaraza. Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ukiondoa zinazopotea unavuna lita laki tatu na nusu hivi, maji ya siku 70 kwa hosteli nzima. Chimba tangi chini ya ua kabla ya kufanya kitu kingine pale.

Ua wenyewe usiumwagie zege wala pevingi ukuta hadi ukuta. Ua wa pevingi ni kikaango. Weka nyasi, miti, na vimbweta (meza na viti vya zege vya kusomea) vinne vitano chini ya miti, maana mwanafunzi aliyezoea kupiga msuli kwenye kimbweta hatakaa chumbani mchana hata umpe kiyoyozi. Mkungu unakua haraka na una kivuli kipana. Mwarobaini uweke upande wa barabara, magharibi, ukue mpaka ufunike zile kuta za bafu. Panda mapema, kabla ya msingi, na uwaambie mafundi ukweli kwamba atakayegonga mti kwa toroli atalipa.

Gharama sitakuficha. Majengo mawili yana ukuta wa nje mrefu zaidi, kutoka mita 88 kwenda mita 138 kwa kuzunguka, ingawa upande mmoja wa kila jengo ni baraza na reli tu. Msingi nao utaongezeka. Eneo la sakafu lenyewe linapungua kidogo, kutoka mita za mraba 384 hadi 364 kila sakafu, na unaokoa vioo vya alumini na viyoyozi 42 pamoja na nyaya zake. Mkadiriaji majenzi akuwekee hesabu zote mbili mezani, za ujenzi na za miaka kumi ya umeme, uzisome pamoja. Na kwa jengo la ghorofa, fundi wa ramani peke yake hatoshi. Tafuta msanifu aliyesajiliwa na bodi, na mhandisi wa nondo, kabla hujapeleka maombi ya kibali manispaa. Umeniambia hujapeleka, basi bado una muda.

Nimebakiza vioo vyeusi. Kioo cheusi kinameza joto na kukaa nalo dirishani, sehemu ya joto hilo inaingia ndani, halafu kinamnyima mwanafunzi mwanga mpaka anawasha taa saa nane mchana ili asome. Dirisha lenye kivuli halihitaji weusi. Chukua kioo cheupe cha kawaida, paka kuta za ndani rangi nyeupe, na meza ya kusomea iwe ubavuni mwa dirisha, isitazamane nalo.

Mchoro mpya ukishaupata nitumie niuone kabla hawajachimba.